Kitanda cha Dirishani

Shangazi yangu alinisimulia haya huku anakunja mashuka. Hawezi kuzungumza mikono ikiwa imekaa bure. Alianza na mambo ya kawaida kabisa: siku hiyo kulikuwa na jua, chai ya kwenye chupa ilikuwa bado ya moto, na mume wake, fundi seremala, alikuwa ametangulia njiani akipiga mluzi kama mtu aliyeachiwa kutoka jela.

Shangazi hakuwa na mluzi. Alikuwa na usingizi.

Ni nesi wa zamu ya usiku, miaka kumi na moja sasa. Mwaka ule wenzake wawili waliondoka na nafasi zao hazikujazwa, kwa hiyo akawa anashika wodi mbili, moja ghorofa ya chini na nyingine ya juu, na ngazi ishirini na mbili katikati. Ngazi zile alizijua kwa magoti. Mwezi mmoja kabla ya safari, mgonjwa wa ghorofa ya chini alimwita. Akamjibu, "Nakuja." Akapanda juu kwanza kubadilisha dripu. Aliposhuka, mgonjwa hakuwa anamhitaji tena.

Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomchosha kuliko ngazi.

Tangu hapo akawa halali. Asubuhi akirudi nyumbani anajilaza, macho yanafumba, masikio yanabaki kazini. Mlango ukigongwa kwa jirani, anajibu, "Nakuja." Paka akilia, "Nakuja." Wiki ya nne matroni akamkuta amesimama mbele ya kabati la dawa, chupa mkononi, hajui ni ya nani. Matroni aliichukua ile chupa taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Siku nne," alimwambia. "Nenda mahali pasipo na simu, ulale. Ukirudi hivi ulivyo, wodini sikurudishi."

Kwa hiyo safari nzima ilikuwa ya jambo moja. Alale. Asipolala, kazi itamtoka. Na kabla haijamtoka, siku moja dawa isiyo yake itamfikia mtu.

Fundi ndiye aliyepata banda la kwenda kulala. Mteja wake mmoja aliwahi kulikodi: nyumba ya mbao ya chumba kimoja, juu msituni, haina umeme wala mtandao, gari halifiki. Unachukua ufunguo katika ofisi iliyoko chini, kisha unapanda kwa miguu kama mwendo wa saa tatu. Mtunzaji alikuwa mwanamke mwenye koti la mvua lililomzidi kimo. Aliwapa ufunguo na masharti. Chemsheni maji. Fagieni mkiondoka. Kuni mtakazochoma, pasueni nyingine.

"Vitanda ni vinne," alisema, "ila tumieni vya ukutani. Cha dirishani hakina godoro. Tulilitoa, lilikuwa haliishi kulowa."

"Paa linavuja?" Fundi aliuliza. Ni swali la kazi yake.

"Paa ni zima," alisema yule mwanamke, akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Njia ilikuwa nyembamba, mizizi imeikata vipande kama ngazi, na shangazi alizihesabu bila kutaka. Kila alipofika ishirini na mbili alianza upya.

"Nesi," Fundi alimwita kutoka mbele. Wanaitana hivyo tangu siku Fundi alipokwenda hospitali kurekebisha milango akamkuta yeye. "Nesi, umeweka nini kwenye huu mkoba?"

"Ulichopakia mwenyewe."

"Basi nilipakia mawe."

"Ulipakia randa, Fundi. Nimeiona. Unakwenda kupumzika na randa?"

"Wewe je, hicho kipima mapigo kwenye mfuko wa koti ni cha kupigia mswaki?"

Walicheka. Anasema ndiyo mara ya mwisho kucheka siku ile kutoka tumboni.

Walifika saa nane mchana. Banda lilikuwa safi, la kawaida, lina jiko la chuma, meza, dumu la maji, taa ya mafuta na vitanda vya mbao vinne: viwili ukutani, kimoja nyuma ya mlango, kimoja chini ya dirisha. Fundi alipitisha kidole kwenye maungio ya meza, akaguna. "Aliyejenga hapa alikuwa na haraka, au alikuwa na njaa." Shangazi alikuwa ameshajilaza kitanda cha ukutani na viatu vyake miguuni. Nje, ukungu ulikuwa unashuka kati ya miti bila upepo. Alisikia sauti ya mumewe ikisema jambo kuhusu kuni. Kisha hakusikia.

Aliamka. Au tuseme mwili wake uliamka, ukamwacha yeye nyuma.

Mwanga wa dirishani ulikuwa wa kijivu, ule ule wa wodi alfajiri, na mtu alikuwa anapumua vibaya. Pumzi nzito, zenye maji ndani yake. Miaka kumi na moja ilimwinua shangazi kitandani kabla hajajua yuko wapi. Alikwenda penye ile sauti. Aligusa paji la uso: lilikuwa baridi, limelowa. Alidhani ni Fundi. Hapana, anasema, hata hakudhani. Katika kazi ile, saa ile, hufikirii ni nani. Unafikiria ni kitanda kipi.

Alipitisha mkono chini ya shingo, akainua kichwa, akamnywesha maji kwa kikombe. Alisikia yakimezwa. Alitandaza blanketi na kukunja pembe zake chini, pembe zile za hospitali, kali kama bahasha. Alipotaka kuondoka, sauti ilinong'ona.

"Usiende."

Naye akasema maneno aliyokwisha kuyasema mara elfu, ambayo kila nesi huyasema, ambayo hayana maana yoyote ila kumtuliza mtu.

"Siendi popote. Niko hapa mpaka upate nafuu."

Akarudi kitandani kwake. Akalala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa mwezi mzima, mzito, mtamu, bila ndoto.

Mlango ndio uliomwamsha. Fundi aliingia na kuni kifuani, vumbi la mbao kwenye nywele, jasho limemtoka.

"Hongera," alisema. "Umelala saa tatu nzima. Nimepasua kuni za mwezi, hujageuka hata."

"Niligeuka. Niliamka kukupa maji."

"Maji gani?"

"Si ulikuwa unapumua vibaya? Pale dirishani."

Fundi aliziweka kuni chini, moja moja. "Mimi nilikuwa nje, Nesi. Tangu ulipolala."

Wote wawili wakatazama kitanda cha dirishani. Hakikuwa na godoro, kama walivyoambiwa. Zilikuwa mbao tupu. Lakini juu ya mbao kulikuwa na blanketi, limekunjwa pembe, limekazwa chini kwa mkono wa mtu anayeijua kazi hiyo. Kikombe kilikuwa sakafuni, kitupu. Fundi alilifunua blanketi, akapitisha kiganja juu ya mbao, polepole, kama anavyotafuta kijiti kilichosimama baada ya kupiga randa.

"Kavu," alisema. Akainama akatazama chini ya kitanda. "Hata huku. Haya, maji yamekwenda wapi?"

Fundi alijaribu utani. "Wewe mtu umechoka mpaka unatibu mbao." Shangazi alitabasamu ili amfurahishe. Lakini kiganja chake kilikumbuka uzito wa kichwa. Vichwa vina uzito wake. Hakuna kitu kingine chenye uzito huo.

Jioni Fundi alianza kukohoa.

Usiku ule shangazi hausimulii sana, nami simlazimishi. Alikaa kwenye kiti kati ya vitanda. Fundi alikohoa, na kila alipokohoa, upande wa dirishani kuliingia utulivu kidogo, kama mtu anayepata nafuu. Hilo tu.

Kulipokucha alimfungia mumewe viatu kwa mkono wake, maana Fundi akiinama kikohozi kilimzidi. Soksi nzito, buti, kamba mafundo mawili. "Tunashuka," alisema. "Usingizi nitautafuta kwingine." Alifunga mlango kwa kufuli. Ukungu ulikuwa umejaa hadi kizingitini.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kama kumi na sita kwa dakika. Shangazi alihesabu mlangoni: kumi na sita. Kwenye kona ya kwanza: kumi na tatu. Fundi alikuwa anatembea, anaongea hata, anatania kwamba randa imekuwa nzito. Penye gogo linalovuka kijito: kumi na moja. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu.

Alimkalisha. Akamgeuza kidogo, uso utazame juu walikotoka, ili apate kuegemea mti. Kumi na mbili. Akamwinua, wakapiga hatua kumi kurudi juu. Kumi na tatu. Wakashuka tena. Kumi.

Akaelewa.

Kule juu kulikuwa na mgonjwa aliyeahidiwa kwamba nesi haendi popote. Na nesi alikuwa anakwenda.

Walisota hadi kwenye jiwe kubwa, karibu nusu ya njia. Hapo walikutana na mtu anapanda. Alikuwa dada mmoja mwenye kofia nyekundu, begi limemzidi, macho mekundu kuliko kofia.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Poleni na njia."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi?"

"Bandani. Mtunzaji kaniambia mtaondoka keshokutwa, ila hakuna shida, tungebanana. Mimi ni mwalimu, nimekuja kulala tu." Alicheka, kicheko kilichokosa nguvu katikati. "Nina wanafunzi sabini na mbili darasani, mama. Hata ndotoni nawaambia wakae chini."

Fundi alikuwa ameegemea jiwe, macho nusu. Nane.

Katika kazi ya shangazi, mgonjwa haachwi. Anakabidhiwa. Mnasimama wawili, anayeondoka anasema ni kitanda kipi, hali ikoje, amepewa nini, na anayebaki anasema neno moja: "Nimepokea." Baada ya neno hilo unavua koti, unakwenda nyumbani, na lolote litakalotokea si lako tena. Ni desturi ya kazi tu. Lakini shangazi aliisikia ikipanda kooni yenyewe, kwa sauti ile kavu ya saa moja asubuhi.

"Kitanda cha dirishani," alisema.

Mwalimu alimtazama. "Ndiyo, mama?"

"Kifua kimejaa. Jana alasiri alipewa maji, akayameza."

Fundi alivuta pumzi ndefu. Shangazi alihesabu bila kugeuka. Kumi. Kumi na mbili. Rangi ilikuwa inarudi mashavuni mwa mumewe kama maji yanavyorudi kwenye bomba. Msitu ulikuwa umenyamaza. Ukungu ulikuwa umeshuka nyuma yao hadi kwenye kona, na pale konani ulikuwa umesimama.

Kitu kilikuwa kinasikiliza.

"Hapendi kuachwa peke yake," shangazi alisema, taratibu sasa. "Ukimwambia utabaki, ubaki."

"Ina maana kuna mgonjwa huko juu?" Mwalimu alilishusha begi lake. Alikuwa mtu mwema. Uso wake ulikuwa tayari umekubali. "Basi hakuna neno, mama, mimi nime..."

"Nyamaza!"

Mwalimu alibaki mdomo wazi.

Shangazi alimwangalia machoni. Aliyajua macho yale, aliyaona kila siku kwenye kioo cha choo cha wauguzi. Anasema hakuwa na ushujaa wowote. Alikuwa amechoka mpaka mifupani, na alitamani kumwachia yule dada kila kitu na ashuke. Lakini hujamkabidhi mtu mgonjwa kama hujamwambia ukweli wa mgonjwa. Huo ni wizi.

"Hakuna mgonjwa anayekuhusu wewe," alisema. "Kaa hapa na mume wangu. Mshike mkono, usiuachie. Nisiporudi saa tisa, mshushe hata kwa kumburuta. Na usipande huko juu, mwanangu, hata ukisikia naita."

Fundi alifungua macho. Pumzi zilikuwa zinashuka tena. "Nesi," alinong'ona. "Twende nyumbani."

"Nakuja," alisema shangazi.

Akapanda.

Anasema hakuogopa njiani. Uchovu haukuacha nafasi. Miguu ilikwenda yenyewe, mizizi ikawa ngazi, ngazi zikawa ishirini na mbili, zikaanza upya. Ukungu ulikuwa unamfungulia njia mbele na kufunga nyuma.

Kufuli lilikuwa mahali pake. Alifungua. Ndani palikuwa na baridi ya chumba kisicho na mtu, na mtu alikuwa anapumua.

Hakuwasha taa. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha dirishani. Blanketi alilokuwa ameliacha limefunuliwa lilikuwa limekunjwa pembe tena, na katikati limeinuka. Aliweka kiganja juu. Kifua kilipanda. Kikashuka. Alitazama saa ya mkononi, akahesabu dakika nzima.

Kumi na sita. Tulivu. Safi.

"Hizi si zako," alisema.

Aliingiza mkono chini ya blanketi, akatafuta mshipa shingoni. Hakuna. Kwenye kifundo cha mkono. Hakuna. Alibonyeza ukucha na kusubiri damu irudi. Haikurudi. Akaushika mkono ule baridi, akahisi huruma nzito kuliko hofu. Kuna mtu aliwahi kulala hapa na kusubiri. Kuna mtu alimwambia anakuja.

"Umefariki," alimwambia. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kazi. "Sijui ni lini. Sikuwa zamu. Aliyekuwa zamu alipaswa kukuambia, hakukuambia. Samahani."

Pumzi zikasita.

Akafanya yale yanayofanywa. Alilowesha kitambaa, akapangusa uso ambao hakuutazama. Aliziteremsha kope, zilikuwa wazi, zilimkwaruza vidole. Alichana ukanda kwenye mtandio wake wa kijani akafunga taya. Akanyoosha mikono. Akachana ukanda wa pili, akafunga vidole gumba vya miguu pamoja, fundo lake la siku zote, la kuzungusha mara mbili. Vilikuwa vidole vikubwa, vya mtu aliyezoea kusimama. Akavuta blanketi juu ya uso.

"Saa sita na dakika ishirini," alisema, maana lazima useme.

Kimya. Kimya chenyewe, cha mbao na jiko la chuma. Blanketi lilikuwa limelala bapa. Hakulifunua. Alifagia sakafu kama masharti yalivyotaka, akafunga kufuli, akashuka.

Aliwakuta jiweni. Fundi alikuwa anakula mkate wa mwalimu, mashavu yamejaa.

"Huyu mwalimu mkali," alisema. "Nimeshikwa mkono zaidi ya saa mbili nzima, kama nimeiba chaki."

Mwalimu hakucheka. Alimvuta shangazi pembeni. "Mama, baba alinyamaza. Saa sita na kitu. Sikusikia pumzi kabisa. Nikamwita, nikamtikisa. Halafu akavuta moja kubwa, akaomba chakula."

"Ulimwachia mkono?"

"Hata kidogo. Hakuinuka hapa alipo."

Walishuka wote watatu. Mwalimu alirudisha ufunguo wake bila kudai chochote. Fundi aliendesha gari akipiga mluzi, na shangazi akalala njia nzima, kichwa kwenye kioo, masikio nayo yamelala.

Nyumbani, Fundi alikaa kwenye kigoda kibarazani kuvua buti. Kamba zilikuwa na mafundo mawili, kama shangazi alivyozifunga alfajiri, yamejaa tope lililokauka. Alivua buti la kulia. Akavua soksi.

"Nesi," alisema. "Hebu njoo."

Kwenye kidole gumba cha mguu kulikuwa na ukanda wa kitambaa cha kijani. Fundo lilikuwa limezungushwa mara mbili.

"Vua na la pili," shangazi alisema.

Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na ukanda pia. Ulikuwa ukanda mmoja, kwa kweli, uliokatika katikati. Nyuzi zilikuwa zimechomoza pande zote mbili, zimevutika, kama mtu aliyekuwa amefungwa ameinuka na kupiga hatua yake ya kwanza kwa nguvu.

"Nani kanifunga?" Fundi aliuliza, anacheka, anamtazama mkewe.

Shangazi alipiga magoti mbele yake. Aliweka vidole viwili shingoni kwake, chini ya taya, akatafuta mshipa.

Anasema aliupata. Nimemuuliza mara mbili, kwa siku mbili tofauti, na mara zote mbili alinijibu upesi mno.